Salama, Ila

Kibatari cha Mama Ambokile kilizimika mara mbili asubuhi ile. Mara ya kwanza alikiwasha tena. Mara ya pili alitafuta tofali, akakipandisha kibatari juu yake, kikawaka vizuri bila ubishi, naye akarudi kuchuma uyoga huku akimmalizia Bibi Subila habari za harusi ya Jumamosi iliyopita, hasa ile sehemu ya bwana harusi kuchelewa. Ilipofika saa ya chai akampigia simu binti yake Tusekile, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za bandani?"

"Njema kabisa. Uyoga umestawi mpaka raha. Bibi Subila anakusalimu."

"Mpe shikamoo yangu."

"Ameisikia. Haya, nisikuchoshe, endelea na kazi zako." Kisha, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kukatia simu: "Sisi huku salama tu, ila hiki kibatari kinanisumbua. Nimekiweka juu ya tofali."

Tusekile alikuwa ameinua kikombe cha chai. Akakirudisha mezani.

"Juu ya tofali kwa nini, mama?"

"Sakafuni kinazimika."

"Tokeni humo. Wewe na Bibi Subila na wote waliomo. Sasa hivi."

"Na uyoga?"

"Uacheni."

"Huu ni uyoga wa harusi ijayo, Tuse."

"Mama."

Kuna namna ya kuita mama ambayo mama yeyote anaielewa. Mama Ambokile akakata simu bila kuaga, jambo ambalo Kasyelu ni aibu kubwa, akaanza kuwaswaga wenzake nje kama kuku.

Mji wa Kasyelu umejengwa ndani ya shimo la volkano iliyolala. Visima vya mvuke ndivyo vilivyowaleta watu pale, umeme tele na mboga mwaka mzima, na visima hivyohivyo ndivyo vilivyoifundisha ardhi kupumua. Inachopumua ni hewa nzito, haina rangi wala harufu, inatambaa chini na kujaa taratibu kama maji kwenye beseni. Ndiyo maana vitanda vya Kasyelu ni virefu mpaka vina ngazi, kuku wanalala darini, na kila mlango una kibatari sakafuni. Kikizimika, unapanda juu. Mtoto wa pale anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Kukipandisha kibatari kwenye tofali ili kisikusumbue, hilo hata mwendawazimu halifanyi, ila mchuma uyoga mwenye oda ya harusi analifanya.

Hata hivyo vibatari vilibaki kwa mazoea tu. Ulinzi wenyewe ulikuwa feni kubwa zilizoisukuma hewa nzito kwenda juu mpaka nje ya shimo, na milango ya chuma iliyoyatenga mabanda ya uyoga na Mtaa wa Chini, ambako kuna nyumba na zahanati. Yote hayo yalisimamiwa kutoka Chumba cha Majibu, alikofanya kazi Tusekile. Akainua macho kuutazama ubao mkubwa ukutani. Banda la kwanza, salama. La pili, salama. Macho yake yakashuka mpaka la sita, alikokuwa mama yake, na la sita nalo liliandikwa SALAMA, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kabisa.

*

"Fungua bahasha ya feni ya sita," alimwambia Gwakisa, mwenzake wa zamu.

Mashine za Kasyelu huzungumza kwa lugha iitwayo Jibu. Mashine ikiuliza, haijibiwi waziwazi, inaletewa bahasha. Ndani mna kile ilichoomba, au mna hitilafu. Mwandishi wa programu haruhusiwi kukigusa kilichomo mpaka aseme atafanya nini akikuta hitilafu. Asiposema, mkaguzi anamrudishia kazi yake. Mkaguzi si mtu, ni programu inayosoma programu zote kabla hazijaruhusiwa kugusa swichi hata moja ya mji, na hana aibu, hana urafiki, wala hajali wewe ni mtoto wa nani. Walioitunga Jibu walikuwa wamechoshwa na mashine zinazokuta kosa, zikajinyamazia, zikaendelea na safari mpaka shimoni.

Lakini watungaji wenyewe walikuwa watu wa Kasyelu, na watu wa Kasyelu wana adabu, hilo hakuna anayewanyima. Mkute mmoja wao nyumba yake inaungua, muulize habari za nyumbani, atakwambia nzuri. Atakuuliza za kwako, za watoto, za kazi, mtazungushana hapo mpaka mridhike, ndipo aseme, "Salama tu, ila nyumba inaungua, naomba ndoo." Basi wazee wale waliona ni utovu wa adabu mashine kumpokea mwenzake kwa habari mbaya. Kando ya salama na hitilafu wakaongeza jibu la tatu, wakaliita salama-ila. Kwa nje bahasha inasema salama. Hiyo ila iko ndani, kwa mwenye nafasi ya kusoma.

Na mlango unaopokea bahasha kila sekunde, nafasi hiyo utaitoa wapi? Ulisoma nje, ukaridhika, ukabaki wazi.

Gwakisa akafungua, akasoma kwa sauti. "Salama, ila mkanda unateleza." Akarudi nyuma kwenye za jana na juzi. "Salama, ila mkanda unateleza. Salama, ila mkanda unateleza. Dada Tuse, hii feni inalia tangu masika."

"Ya leo inasemaje?"

"Salama, ila mkanda unateleza sana."

Hawakucheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Mafundi wakateremka kuukaza mkanda. Hewa ikasukumwa, kibatari kikashushwa sakafuni kikawaka, na kabla jua halijafika utosini Mama Ambokile na Bibi Subila walikuwa wamerudi bandani kwa ajili ya uyoga wao wa harusi. Ukitaka kumzuia Mama Ambokile asiende mahali, mfunge kamba.

Mwalimu Asegelile aliingia Chumba cha Majibu wakati bahasha zile bado ziko kwenye skrini. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba, ndiye aliyewafundisha wote wawili lugha ya Jibu, na jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya waliolitunga lile jibu la tatu. Alisoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akakaa, akasoma tena.

"Washa mkaguzi wako, Tusekile," alisema.

Tusekile alikuwa ameyangoja maneno hayo mwaka mzima. Mkaguzi mpya alikuwa kazi yake. Humo hapakuwa na salama-ila. Kila ila ilihesabiwa kuwa hitilafu, na kila programu ililazimika kusema itaifanyia nini. Yeye na Gwakisa walikuwa wamezipitia programu za mji mzima, pampu, taa, visima, wakaziandikia majibu. Baraza la mji ndilo lililosita, likiogopa ubao kujaa wekundu na watu kuingiwa na hofu. Leo Mwalimu mwenyewe alikuwa anasema washa.

"Bado milango ya mabanda, Mwalimu."

"Milango niliiandika mimi. Ina ubaya gani?"

"Umeandika naamini."

Katika Jibu kuna neno moja la kumpita mkaguzi bila kuhojiwa. Ukiandika naamini, umesema ndani ya bahasha hii hamna hitilafu na huna haja ya kujieleza. Mkaguzi anakupisha. Lakini ukikutwa umekosea, mashine haibahatishi, inasimama palepale. Na mlango wa banda ukisimama, chuma kinashuka.

"Tukiwasha sasa," Tusekile alisema, "siku feni itakapotoa ila yoyote, hata ya vumbi, mlango hautaweza kuipuuza tena. Utaanguka chini. Hauulizi nani yuko ndani."

"Niliuandika usiulize." Mwalimu hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hewa ilivuka kizingiti ikaingia Mtaa wa Chini, kwa sababu mlango ulikuwa unangoja mtu aamue, na mtu mwenyewe alikuwa amekwenda kula. Tulizika tukachoka. Baada ya pale nikasema mlango wangu hautamngoja mtu tena."

Gwakisa alijifanya anapanga nyaya mezani.

"Walio ndani ni wachache," Mwalimu aliendelea. "Mtaa mzima uko nje. Nani tumlinde?"

"Mama yangu yuko ndani. Sikufichi."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Swali hilo lilimchoma, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki. Angekuwa mama wa mtu mwingine anayechuma uyoga kule, je, angeomba kusubiri? Alitaka kusema ndiyo. Alijichunguza vizuri, kwa ukweli ambao mtu hujipa akiwa hana pa kukimbilia, akaona hana uhakika. Kwa mwaka mzima alikuwa amepita akiwaambia watu kuwa kosa lisifichwe, lisemwe, na sasa kwa kuwa kosa likisemwa chuma kingemshukia mama yake, alitamani lifichwe siku moja zaidi.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema. "Nitauandika mlango upya. Saa kumi ikifika sijamaliza, washa kwa mkono wako."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani.

"Mpaka saa kumi," alisema.

*

Kwenye Jibu, anayekuta hitilafu asiyoweza kuitatua anaruhusiwa kuipandisha, yaani kuikabidhi, nzima kama ilivyo, kwa yule aliyemtuma, ambaye huenda anajua zaidi. Tusekile alifuta neno naamini, akaandika pandisha. Mlango usijiamulie. Ukiona ila, kwanza upige king'ora Mtaa wa Chini watu wapande vitandani, kisha uulize kwa kipaza sauti nani yuko bandani, kisha ulete swali Chumba cha Majibu: nifunge au nisubiri.

Akampa mkaguzi. Mkaguzi akamrudishia.

*Hujasema utafanya nini chumbani pasipokuwa na mtu.*

Akaandika: piga simu ya mkuu wa chumba.

*Hujasema utafanya nini mkuu asipopokea.*

Akaandika: piga ya baraza.

*Hujasema utafanya nini baraza lisipopokea.*

"Huyu ana ubishi," alisema Gwakisa aliyekuwa akichungulia begani kwake. "Umemlea vibaya."

Lakini Tusekile alikuwa ameacha kuandika. Aliona mkaguzi anamsukuma wapi. Angeweza kuongeza simu mpaka amalize watu wote wa mji, na mwisho wa simu zote swali lingekuwa lilelile: hakuna aliyejibu, hewa inapanda, kuna watu ndani. Mwalimu alikuwa amelijibu kwa neno moja, akapitia pembeni. Yeye alitakiwa kulijibu waziwazi. Akaandika: *asipojibu yeyote, funga.* Akausoma mstari huo. Ndio uleule wa Mwalimu, tofauti yake ni kwamba sasa ulikuwa wa mwisho, baada ya kuwauliza wote.

Kisha akaongeza sharti ambalo mkaguzi hakuliomba. Neno subiri lisikubaliwe kutoka kwa mtu mmoja. Lazima mtu wa pili alikubali.

"Hilo la nini?" Gwakisa aliuliza.

"La kunizuia mimi," Tusekile alisema.

Mkaguzi alisoma. Akapitisha. Tusekile aliegemea kiti, akashusha pumzi, na ndipo Gwakisa, aliyekuwa amegeukia bahasha za feni, aliposema kwa sauti ndogo, "Dada Tuse, njoo usome hii."

Feni ya sita ilikuwa imesema: *Salama, ila mkanda umekatika.*

Ubaoni, banda la sita lilikuwa bado la kijani.

*

Mwalimu alikuwa amefika kabla hawajamwita. Alisoma kwenye skrini, akageuka kumtazama Tusekile, naye akaitikia kwa kichwa kwamba programu iko tayari. Haikuwa imejaribiwa hata mara moja. Tusekile akawasha.

Kwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe, Kasyelu ikafungua bahasha zake zote. Ubao ukageuka. Pampu ya tatu ilikuwa na kutu, taa za soko zilikuwa na waya uliolegea, kisima cha juu kilikuwa kinavuja. Ila zikamwagika ukutani kama watu waliofungiwa muda mrefu mno. Lakini moja baada ya nyingine zilizimika, kwa kuwa kila moja ilikuwa imeshaandikiwa jibu. Pampu ya tatu ikapunguza mwendo. Taa za soko zikahamia waya mwingine. Hakuna kilichoanguka. Ikabaki moja tu, nyekundu.

Dirishani wakasikia king'ora cha Mtaa wa Chini. Watu walianza kuonekana huko wakipanda ngazi za vitanda vya barazani, wengine wakiwa na sufuria mkononi, na wauguzi wa zahanati wakiviinua juu vitanda vya wagonjwa kwa mashine zake.

Bandani, mlango ukauliza kwa kipaza sauti, "Nani yuko ndani?"

Wachumaji walikuwa wanakimbilia nje, kila mmoja akitaja jina lake akivuka. Halafu wakaisikia sauti ya Mama Ambokile, kutoka mbali, ndani kabisa.

"Niko mimi na Bibi Subila. Salama tu."

Skrini ikawaka mbele ya Tusekile. *Mlango wa sita. Hewa nzito inakaribia kizingiti. Walio ndani wanasema salama. Nifunge au nisubiri? Ukisema nisubiri, sema sababu.*

Sababu gani? Kama walikuwa salama, kwa nini hawatoki? Akashika kipaza sauti.

"Mama, ni mimi. Usiniambie salama. Anza na ila."

Tusekile alijua ni kitu gani anamwomba. Mwanamke yule alizika mume akawapokea waombolezaji kwa habari njema, na sasa binti yake anamtaka amwage shida mbele ya mji mzima bila hata salamu.

"Mama, nakuomba."

"Ila Bibi Subila ameanguka," ilisema sauti. "Alikuwa kwenye kigoda, anachuma safu za chini, miguu imemwishia. Anapumua. Nimempandisha kwenye toroli, nimemwegemeza kwenye vikapu kichwa kiwe juu. Ila gurudumu limenasa kwenye mfereji. Ila naogopa, Tuse."

Tusekile akaandika: *Subiri. Wawili ndani, mmoja hawezi kutembea, toroli limenasa.* Na skrini, kama alivyoiagiza mwenyewe, ikajibu: *Anahitajika mtu wa pili.*

Gwakisa alinyoosha mkono. Mwalimu akamshika kiganja.

"Huyo ni rafiki yake," alisema. "Hili ni langu."

Hakuandika mara moja. Alikwenda dirishani kwanza. Tusekile aliuona mgongo wake, akamwacha, kwa sababu alikuwa ameliweka sharti lile ili mtu asiye na mama ndani atazame upande wa pili kwa niaba ya walioko upande wa pili, na mtu huyo sasa alikuwa anatazama. Ulikuwa muda mrefu kuliko yote aliyowahi kukaa chumbani mle. Kule chini hapakuwa na mtu ardhini. Baraza zote zilijaa, vibatari vikiwaka kwenye sakafu tupu, na mwanamke mmoja alikuwa amemweka mbuzi wake kitandani. Siku ile iliyoleta mazishi mengi hakuna aliyekuwa amepewa nafasi ya kupanda popote. Walikuwa hawajui.

Mwalimu akarudi, akainama, akaandika. *Asegelile. Subiri. Mtaa umepanda.*

"Mama," Tusekile alisema kwenye kipaza sauti, "usilisukume toroli. Ligeuze, ulivute."

"Hilo nimeshalifikiria," ilijibu sauti kwa hasira, na chuma kikasikika kikikwaruza saruji.

*Hewa imefika kizingiti. Nifunge au nisubiri?*

Tusekile akaandika. Mwalimu akaandika, safari hii bila kwenda dirishani.

*Hewa imevuka kizingiti. Nifunge au nisubiri?*

Kibatari cha nyumba ya kwanza, iliyo karibu na mlango, kilizimika. Waliokuwa kitandani pale walivuta miguu juu. Tusekile akaandika. Mwalimu akaandika. Ndipo mlangoni likatokea toroli kinyumenyume, vikapu, uyoga ukimwagika pembeni, Bibi Subila juu ya vikapu kama bibi harusi aliyechoka, na Mama Ambokile akilivuta kwa mikono miwili, khanga imemwanguka begani.

Kasyelu, anayetoka bandani wa mwisho hupiga kofi mwimo wa mlango. Walifanya hivyo kabla ya mashine, na mashine zilipokuja zilifundishwa kulisikiliza lile kofi. Mama Ambokile aliachia toroli, akarudi hatua moja, akapiga kofi la nguvu.

*Hakuna aliye ndani. Nafunga.*

Chuma kikashuka taratibu, kikakaa. Feni za mtaa zikaongeza kasi, zikaianza kazi ya kuinyanyua ile kidogo iliyovuka. Gwakisa aliweka kichwa mezani. Tusekile alilia, alilia waziwazi na kamasi, na hakuona sababu ya kujificha. Mwalimu Asegelile alimpa leso yake, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

"Ningekuwa nimewafungia," alisema. "Hata kama si leo, siku nyingine."

"Na mimi ningekuwa nimeuacha wazi," Tusekile alisema.

*

Alimkuta mama yake ameketi juu kabisa kwenye ngazi za zahanati, ana chai mkononi, ana hasira. Alikuwa anamweleza muuguzi thamani ya uyoga uliomwagika. Alipomwona binti yake akanyamaza, akaweka kikombe chini, akamvuta, wakakaa hivyo wameshikana mpaka muuguzi akaona aibu akaingia ndani.

"Unanuka jasho," alisema Mama Ambokile hatimaye.

"Na wewe unanuka uyoga."

Kwa ndani, Bibi Subila alikuwa amezinduka vizuri, kwa sababu alikuwa analalamika. Hakuwa na neno kuhusu hewa nzito. Alikuwa anataka kujua ni nani aliyemwekea kikapu cha shingoni chenye ncha, na kama harusi bado ipo. Aliambiwa ipo. Mwalimu Asegelile, aliyekuwa amekuja nyuma ya Tusekile, alimpa shikamoo, akamwomba radhi kwa sauti ya chini kwa jambo ambalo Bibi Subila hakulielewa, naye akamsamehe ili aondoke apate usingizi.

Harusi ilifanyika, bwana harusi mwingine naye akachelewa, na uyoga ulitoka banda la pili. Feni ya sita ikawekewa mkanda mpya. Baraza la mji lilikutana, likagombana, likamwacha mkaguzi mpya akiwaka. Kwa siku kadhaa watu walikuja kuutazama ubao wa Chumba cha Majibu wakiwa na wasiwasi, wakakuta wekundu unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, wakazoea. Wengine walisema afadhali. Gwakisa alisema kwa mara ya kwanza anaiamini rangi ya kijani.

Wiki iliyofuata, saa ya chai, simu ya Tusekile iliita.

"Shikamoo, mama."

"Ila kibatari kimezimika," alisema Mama Ambokile.

Tusekile alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, macho ubaoni, ambako banda la sita lilikuwa linawaka jekundu na mlango ulikuwa umeshaanza kuuliza.

"Kaa chini," ilisema simu. "Nimetoka zamani. Bibi Subila ametoka, wote wametoka, mwimo nimeupiga mwenyewe. Tofali nimelitupa tangu juzi. Niko juu kwenye ngazi, nakunywa chai." Akasikika akipuliza kikombe. "Marahaba. Sasa niulize habari za asubuhi."

Ubaoni, chuma cha banda la sita kilikuwa kimeshuka, na hapakuwa na mtu ndani. Tusekile akaokota kiti, akakaa.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri," alisema mama yake.